Kumi na Watatu wa Upande wa Mama

Tulishuka kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, watu kumi na watatu, mimi nikiwa mbele. Nilikuwa nimewapanga tangu kijijini kwetu Ruponda: mjomba akae na dereva kwa heshima yake, mama na mama wadogo wawili wakae nyuma kwenye mkeka, vijana wasimame washike vyuma. Wote walikuwa wamependeza. Kanga zilikuwa zimepigwa pasi, na mjomba alivaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Nesi wa kliniki alitoka mlangoni pale hospitalini Nachingwea, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, nesi!" nikamjibu. "Tumekuja kupimwa homa ya ini. Ukoo mzima huu hapa!"

Nilikuwa na raha isiyo na mfano siku ile. Kwetu nyumbani mimi ndiye mtu wa pilikapilika. Likitokea jambo, miguu yangu inaondoka kabla akili haijavaa viatu, na watu wameshazoea kunifuata kwanza na kuuliza baadaye.

Jambo lenyewe lilianza wiki mbili kabla ya hapo. Mdogo wangu wa pekee, wa tumbo moja, alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi mitano, na alipokwenda kliniki akapimwa damu kama wajawazito wengine. Akakutwa na kirusi cha homa ya ini, aina ya B. Aliporudi alinipa kadi yake ya kliniki, akaenda jikoni akakaa. Huyu mtoto nimembeba mgongoni mimi, nimemfundisha kusuka ukili mimi, halafu mtu ananiambia ana ugonjwa wa ini wala hajawahi kuumwa hata siku moja!

Kesho yake nikamrudisha kwa yule nesi, nikiwa na maswali na hasira. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na subira kubwa, maana mimi naongea sana. Alinieleza kwamba mtu anaweza kukaa na kirusi hiki miaka mingi bila kujijua. Kinaambukizwa kwa damu. Kinapita kati ya mume na mke, kinapita kwenye wembe na sindano za kuchangia, na zaidi ya yote kinapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mtoto akikipata siku hiyo, mara nyingi anakaa nacho maisha yake yote, na ini linaweza kuja kuharibika akiwa mtu mzima.

"Sasa huyu wa tumboni?" nikauliza. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huyu tunaweza kumkinga," nesi akasema. "Akizaliwa tu, achanjwe. Ndani ya saa ishirini na nne, na ikiwezekana saa za mwanzo kabisa. Halafu wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne apate chanjo zake kama watoto wote, hii imo humo ndani. Ile ya siku ya kwanza ndiyo ya kutunza zaidi. Nitaagiza ya kwake, nitamwekea."

Nilimwona mdogo wangu akiinua kichwa kwa mara ya kwanza. Akauliza kama ataruhusiwa kunyonyesha. Nesi akasema atanyonyesha, tena bila hofu, mradi mtoto achanjwe. Akauliza kama atenge sahani yake. Nesi akacheka kidogo akasema sahani haina kosa lolote, wale naye kwenye sinia moja kama zamani. Daktari alikuwa ameshampima ini, akalikuta zima. Kazi yake ni kurudi kila baada ya miezi sita aangaliwe.

Nesi akaendelea: na watu wazima wa karibu naye waje wapimwe, maana asiye na kirusi anachanjwa naye, sindano tatu, moja leo, moja baada ya mwezi, moja baada ya miezi sita. Alikuwa bado anasema waje kina nani hasa, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshasikia mama kwenda kwa mtoto, na hilo lilinitosha.

Kwetu, kila kitu cha maana kinapita kwa mama. Shamba la mikorosho tunalolima ni la upande wa mama. Ukoo tunaojitaja nao ni wa mama. Mtoto akizaliwa ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba, kaka wa mama. Mume wa kwetu anakuja kuishi kwetu, anajengewa, anaheshimiwa, anapewa paja la kuku, lakini jambo la ukoo likizungumzwa anajiondokea mwenyewe kistaarabu akaangalie mbuzi. Kwa hiyo niliposikia ugonjwa unaopita kwa mama, nikajua papo hapo ni nani wa kuwakusanya. Nikazunguka Ruponda nzima siku tatu. Nikamtoa mama mdogo mmoja kwenye ufuta, nikamtoa mwingine kwenye ngoma ya watu, nikawatoa vijana kwenye simu zao, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

Basi tukapimwa. Tulikaa kwenye benchi tukichekana nani aliogopa sindano, na aliyeogopa kuliko wote alikuwa mjomba, aliyefumba macho tangu pamba ilipomgusa. Majibu yakatoka, nesi akawa anamwita mmoja mmoja ndani. Mimi sina. Mjomba hana. Mama wadogo hawana, vijana hawana. Kila aliyetoka alikuwa anashika bega lake lililochomwa sindano ya kwanza na kucheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama ndiye aliyekaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuwa ameshika bega.

Nikaingia kumuuliza nesi. Akasema mama ametoa ruhusa niambiwe: anacho kirusi, ini lake halina tatizo, ataangaliwa kama mwanawe. Nikauliza, je, mdogo wangu alikipata kwa mama? Nesi akasema huenda, siku ile ya kuzaliwa, hakuna anayeweza kuapa. Wakati ule chanjo hii ilikuwa haijafika kwa watoto, na hakuna aliyekosea. Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, ili mama ayasikie. Mama alikuwa anatazama ukuta.

Halafu nesi akafungua daftari lake, akaniuliza swali moja.

"Mume wa mdogo wako ni yupi kati ya hawa?"

Nikageuka nikatazama benchi. Nikatazama mara ya pili, kana kwamba angeweza kujitokeza nyuma ya mjomba. Shemeji alikuwa Ruponda anakung'uta ufuta. Nilimpita asubuhi ile ile, nikamwambia akae nyumbani mbuzi wasiingie shambani, na akaniitikia, "Haya, shemeji."

"Yeye si wa ukoo wetu," nikasema, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu mbele ya nesi, uso uliniwaka.

"Mama," nesi akaniambia, "umeniletea watu kumi na watatu, umemwacha anayelala naye."

Mama mdogo mmoja akaanza kucheka, na wote wakaangua kicheko hadi mgonjwa wa chumba cha pili akachungulia. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa na aibu, na aibu hiyo sikuisahau haraka. Nilimpigia shemeji simu. Akaja na bodaboda bado ana vumbi la ufuta kwenye nyusi. Akapimwa. Hana. Akachomwa sindano ya kwanza, akasoma kikaratasi chote alichopewa, mbele na nyuma, kisha akauliza maswali kwa utaratibu, swali baada ya swali, hadi nesi akamwambia akae. Sisi wengine tulikuwa nje tunanunua miwa.

Mwezi uliofuata alikwenda kuchomwa ya pili bila kukumbushwa, wakati mimi mwenyewe nilichelewa siku nne. Ile kadi ya kliniki ya mkewe, ambayo nesi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu MTOTO ACHANJWE NDANI YA SAA 24, akaanza kutembea nayo mfuko wa shati.

Korosho zilipoanza kuanguka, mimba ikiwa imebakiza wiki tatu, wifi yake mdogo wangu aliolewa huko Nandagala, wilaya ya Ruangwa, anakotoka shemeji. Nilipinga safari ile kwa nguvu zangu zote. Nikasema mtu mwenye tumbo hilo haendi kucheza kwenye arusi ya watu. Mdogo wangu akasema hachezi, anakwenda kukaa tu. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu, baada tu ya adhana ya alfajiri, uchungu ukamshika nyumbani kwa mama mkwe wake. Pikipiki ilikuwa haijafika, mtoto akafika.

Shemeji alinipigia jua likiwa linachomoza. "Mtoto wa kike, shemeji! Wazima wote wawili!" Nilipiga vigelegele peke yangu uani, kuku wakakimbia. Nesi wa zahanati ya karibu alikuwa ameshakwenda kuwaona, akamsafisha mtoto, akamwangalia mama, akaridhika. Lakini dozi ya siku ya kwanza ilikuwa Nachingwea, ndiyo ile iliyoagizwa na kuwekwa. Shemeji akasema anatafuta gari wawalete sasa hivi.

Hapo ndipo mama yake akaingilia. Nilimsikia kwenye simu, anaongea Kimwera kwa ukali. Mtoto mchanga hatolewi nje ya mlango kabla kitovu hakijadondoka. Apigwe na upepo wa barabarani, apishane na wapita njia wasiojulikana, kwa sababu ya sindano? Na zaidi ya hayo, mtoto si wao. Ni wa ukoo wa Ruponda. Kitu kikimpata, watu wa Ruponda watakuja kuuliza nani aliruhusu. Asimtoe mpaka mjomba wao aseme.

Mimi, niliyewasimamisha watu kumi na watatu kliniki, mimi niliyesimuliwa na nesi kwa mdomo wake, nilisema nini? Nilisema, "Ni kweli. Subirini nimpate mjomba."

Mpaka leo nikikumbuka nataka kujipiga. Nilijua saa zinahesabika. Lakini mama mkwe aliposema neno ukoo, kitu ndani yangu kikasimama wima kwa heshima, na shemeji akawa tena mtu wa kuangalia mbuzi.

Mjomba nikampigia. Simu yake haipatikani. Nikaenda kwake, mkewe akaniambia ameondoka mapema na wenzake kwenda Namungo, kuna mechi. Mjomba wangu ni mzee wa kuheshimika, lakini penye mpira anakuwa mtoto wa miaka tisa. Nikampigia aliyekwenda naye, simu inaita haipokelewi. Saa mbili asubuhi ikawa saa nne, saa nne ikawa saa sita. Shemeji akapiga, nikamwambia bado. Akapiga tena, nikamwambia bado, nimetuma ujumbe. Nikaswali adhuhuri bila kujua nimeswali rakaa ngapi. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua choroko, haulizi kitu, lakini kila simu ilipolia vidole vyake vilisimama.

Saa nane mchana shemeji akapiga mara ya mwisho.

"Umempata?"

"Bado, shemeji. Vuta subira kidogo, mechi ikiisha..."

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia, "mnisamehe. Mimi si wa ukoo wenu, na mwanangu si wa ukoo wangu. Lakini ini ni la kwake mwenyewe. Tunaondoka."

Akakata simu.

Nilibaki nimeishika. Nilihisi hasira kwa muda wa pumzi moja, halafu furaha ikanipanda kutoka miguuni kama maji. Nendeni! Nikapiga kelele kwenye simu iliyokatika. Nendeni, msimsikilize mtu! Nikachukua kanga, nikadandia bodaboda ya kwanza iliyopita, nikamwambia kijana akimbize Nachingwea, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwambia mwendesha bodaboda apunguze mwendo.

Nesi alikuwepo. Nilimweleza huku nahema, akaangalia saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole kutoka alfajiri. "Wanafika," akasema. "Tulia." Sikutulia. Nilitoka barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Kila gari lililotokea upande wa Ruangwa lilikuwa ni wao, mpaka likanipita na mbao zake au na mbuzi zake. Alasiri ikaingia. Hatimaye likaja gari dogo jeupe lenye kioo kilichopasuka, na mtu wa kwanza niliyemwona, nikadhani macho yananidanganya, alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa mbele amemkumbatia mtoto ndani ya kanga tatu, amemfunika hata pua haionekani. Baadaye shemeji aliniambia kwamba alipotoka na mtoto mlangoni, mama yake alilia, akamlaani kidogo, kisha akaingia ndani akachukua kanga zake mbili mpya za arusi akasema kama ni lazima kwenda, upepo hautampata akiwa mikononi mwake.

Mtoto alichomwa pajani. Alilia mara moja, kilio kifupi cha mtu aliyekasirishwa, akaendelea kulala. Shemeji alitoa ile kadi mfukoni, nesi akaandika tarehe na saa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti na uchovu wake wote, anatabasamu na kulia kwa pamoja. Nikamkumbatia shemeji mbele za watu, jambo lisilofanywa kwetu, na hakuna aliyenizuia.

Mjomba alipiga jua likikaribia kuzama. "Nimeona simu arobaini! Nani amekufa?" Nikamweleza yote, hata ile sehemu yangu mbaya.

"Yaani," akasema, "mtoto wa siku moja mmemsubirisha mpira?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, mjomba."

"Mimi nina nini cha kumzidi daktari? Mwambie huyo kijana amefanya vizuri. Hapana, nipe niongee naye." Waliongea wawili muda mrefu, na shemeji alipunguza sauti, kwa hiyo sijui walisema nini.

Wiki ya sita tulikwenda, ya kumi tukaenda, ya kumi na nne tukaenda. Mimi nilikuwa mshika mwavuli tu. Wakati huo nilikuwa nimegeuka mhubiri: ukikaa na mimi sokoni dakika tano utaambiwa habari za ini, na ukiwa na binti mjamzito ndiyo kabisa, hununui ufuta wangu mpaka uniambie kama amepimwa. Watu walinikimbia, na wengine walikwenda kupimwa ili wanikwepe. Nilifurahi kwa namna zote mbili.

Lakini jibu lenyewe lilikuwa bado. Nesi alitwambia mtoto atapimwa akikaribia mwaka, ndipo ijulikane kama kirusi kilimwingia au la. Miezi hiyo yote mdogo wangu alimnyonyesha, akamwogesha, akamwimbia, na mara kwa mara nilimkuta amemshika miguu anamtazama macho, weupe wa macho, akitafuta manjano ya ugonjwa wa ini. Nilimwambia aache. Aliniitikia na hakuacha.

Siku ya majibu tulikwenda wanne na mtoto: mimi, mdogo wangu, shemeji na mama. Mama alisema atasubiri nje kwenye benchi, ndani kuna joto. Sisi tukaingia. Nesi alikuwa na karatasi mkononi, na kabla hajasema kitu niliona anajikaza asicheke.

"Hana," akasema. "Hana kirusi, na kinga anayo, tena nzuri."

Nilipiga kigelegele kilichosikika wodini. Nesi akaniambia ninyamaze, hapa ni hospitali, nikapiga kingine. Shemeji alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa mikono miwili. Mdogo wangu aliomba asomewe tena. Akasomewa. Akaomba aishike karatasi mwenyewe. Halafu akambeba mwanawe, akatoka, nami nikamfuata nikiwa bado nacheka.

Mama alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani. Alikuwa amesikia vigelegele, lakini hakuwa ameinuka.

Mdogo wangu alisimama mbele yake. "Mama," akasema. "Ugonjwa umeishia kwangu. Kwake haukupita."

Mama alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama, mguu mmoja unaning'inia nje ya mbeleko. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa mwaka mzima sikuwahi kumwona mama akimbeba yule mtoto mgongoni. Wajukuu wote wa ukoo wetu wamelala kwenye mgongo ule. Huyu, kila mara kulikuwa na sababu: kiuno, kuni, maharage yanaungua, ngoja kwanza niswali. Mimi ninayeona kila kitu sikuwa nimeona.

Mama alisimama. Akafungua kanga yake ya juu, akaikung'uta, akageuka akainama.

"Niwekee," akasema.